Kantri: Soko Lililovuka Bahari

Mwaka 1925 kampuni ya bima ya National Life, mjini Nashville katika jimbo la Tennessee, ilifungua kituo cha redio kiitwacho WSM. Shabaha yake ilikuwa kuuza bima. Kabla mwaka haujaisha, kituo hicho kilianzisha kipindi cha Jumamosi usiku cha wapiga fidla na banjo wa mashambani, ambacho baadaye kiliitwa Grand Ole Opry. Mawakala walipobisha hodi kwa wateja, jina la kipindi liliwafungulia milango. Ndivyo muziki wa kantri ulivyokua: mkulima aliburudika, na mwenye redio akapata wateja.

Muziki wenyewe ulikuwa na damu ya mabara mawili, kwani banjo ina asili ya Afrika na ilifika Marekani na watu waliouzwa utumwani. Kisha nyimbo zikaanza safari ya kurudi.

Santuri za mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa huko wakiimba wimbo wao kumhusu, wakimwita Chemirocha. Hakuna promota aliyepanga jambo hilo, gramafoni ilitosha. Kwingineko soko lilifunguliwa na jeshi: redio za wanajeshi wa Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili ziliwazoesha Wajerumani na Wajapani sauti ya Nashville. Mwimbaji Jim Reeves aliifuata hadhira yake hadi Afrika Kusini mwaka 1962, na baadaye akaigiza huko filamu na kurekodi nyimbo kwa Kiafrikana. Don Williams naye alipanda jukwaani Harare mwaka 1997.

Tangu hapo biashara imejipanga vizuri zaidi. Tamasha la Country to Country lilianza London mwaka 2013 kwa siku mbili katika ukumbi wa O2. Leo ni la siku tatu, na wasanii hao hao hupelekwa pia Glasgow na Belfast, hivyo gharama ya kuwavusha Atlantiki hugawanywa kwa maonyesho kadhaa. Australia ina Tamworth, mji ambao kila Januari hufurika wageni, na hoteli, baa na maduka yake huvuna.

Lakini fedha nyingi hukaa kwenye umiliki wa nyimbo. Dolly Parton alitoa "I Will Always Love You" mwaka 1974. Elvis Presley alitaka kuuimba, ila meneja wake alidai nusu ya haki za uchapishaji. Parton alikataa, ingawa ilimuuma. Whitney Houston alipourekodi mwaka 1992, mirabaha ya mtunzi ikaenda kwa Parton. Uamuzi huo mmoja unafundisha biashara ya muziki kuliko semina nyingi.

Mitandao ya kusikiliza muziki nayo imelegeza mlango uliokuwa ukilindwa na redio za Marekani. Mwaka 2024 Beyoncé alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuongoza chati ya nyimbo za kantri ya Billboard. Mwaka huo huo Shaboozey, mzaliwa wa Virginia mwenye wazazi Wanigeria, alikaa kileleni mwa chati kuu kwa wiki 19 na kufikia rekodi ya Lil Nas X.

Kenya ina hadhira iliyokomaa. Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, na Esther Konkara wamejenga jina kwa kantri, na wapenzi wa Kenny Rogers wamejaa kuanzia Nairobi hadi Bonde la Ufa. Tatizo ni kwamba anayeimba kibao cha mwingine hulipwa kwa shoo ya usiku ule tu. Haki za wimbo hubaki kwa mwenye wimbo. Wasanii wa kantri wa Afrika Mashariki waandike nyimbo zao, wazisajili, na mapromota wawape jukwaa la kuziuza.