Wageni Wawili wa Dhahabu Kemambo

Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, Kemambo imepokea wageni wa namna mbili. Mwajiriwa hupata mshahara wa kila mwezi, na akiugua mwajiri humfahamu. Mchimbaji mdogo hutegemea mgawo wa mawe. Duara lisipotoa, hana kitu, na wenzake humjua kwa jina la utani tu.

Vumbi la mawe huongeza hatari ya kifua kikuu. Dawa ni bure, lakini tiba ya kawaida huchukua miezi 6, na dhahabu ikisikika kwingine mchimbaji huondoka. Kumwita mtoro, naona, ni kumwonea. Mhudumu, muulize mapema aendako, umwandikie barua ya uhamisho. Nawe mgonjwa, usihame kabla ya kuaga kliniki.