Pumzi ya Askari Aliyetoka Vitani

Ndugu msomaji, pengine kijijini kwako yuko mzee aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, au kijana aliyekwenda Kongo kulinda amani. Alirudi mzima, hana hata kovu. Lakini bati likianguka, anaruka. Usiku hupiga kelele usingizini, na mkewe akimshika kumwamsha anaweza kupigwa ngumi kabla hajatambuliwa. Majirani husema amerogwa. Sivyo. Huo ni ugonjwa, nao unatibika.

Mtu akiona hatari, moyo humwenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, hutulia. Lakini mwili wa mtu aliyeona mauaji huweza kukataa kutulia, hata vita vikiisha zamani. Hawezi kuuamuru moyo upige polepole. Pumzi anaweza kuiamuru. Na akiitoa polepole, moyo nao hupunguza mbio.

Jambo hilo watu wa yoga, mazoezi ya kale ya Bara Hindi, walilijua zamani. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walitoa taarifa ya askari 21 waliotoka vita vya Iraki na Afghanistani. Waliofundishwa mazoezi ya kupumua kwa siku saba dalili zao zilipungua, na baada ya mwaka mmoja nafuu ilikuwapo bado. Askari 21 ni wachache, lakini zoezi lenyewe halina gharama. Wala mtu haachi dini yake kwa kupumua.

Mwonyeshe hivi. Aketi mkekani au kitini, mgongo wima, uso ukielekea mlangoni, maana askari wengi hawapendi kuupa mlango mgongo. Avute pumzi kwa pua, tumbo lijae, akihesabu mpaka nne. Aitoe taratibu, akihesabu mpaka sita. Dakika tano asubuhi, dakika tano kabla ya kulala. Kama giza humletea picha za vita, asifumbe macho. Akipata kizunguzungu au hofu ikizidi, aache, apumue kama kawaida. Asilazimishwe.

Nanyi wa nyumbani, mkitaka kumwamsha, mwiteni kwa jina mkiwa mbali kidogo. Pombe isiwe dawa yake ya usingizi. Na siku akitamka kwamba afadhali afe, msimwache peke yake. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, mkaombe barua ya kwenda hospitali.