Mlinda Wiketi: Habari za Mark Boucher

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mwajua kazi ya mlinda mlango katika mpira wa miguu. Katika kriketi yuko mtu ambaye kazi yake yafanana na hiyo, naye huitwa mlinda wiketi. Leo twapenda kuwaeleza kazi hiyo kwa kumtazama mmoja aliyekuwa hodari sana, Mark Boucher wa Afrika ya Kusini.

Wiketi ni vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, na juu yake vimelazwa vipande viwili vya mti, kila kimoja urefu wake inchi 4 na kitu. Mpigaji husimama mbele yake na gongo. Mlinzi huchutama nyuma, amevaa glavu. Mpira ukigusa gongo, naye akaudaka kabla haujafika chini, mpigaji hutolewa. Tena mpigaji akitoka mstarini mwake akaukosa mpira, mlinzi huudaka na kuviangusha vile vipande, na mpigaji hutolewa vilevile.

Mtupaji akiwa wa kasi, mlinzi husimama mbali apate kuuona mpira. Lakini mtupaji akiwa wa polepole, mwenye kuuzungusha mpira, mlinzi hana budi kusogea karibu na vijiti. Akikaa mbali, mpigaji atawahi kurudi. Hivyo faida na hatari yake hukaa mahali pamoja.

Boucher alizaliwa mwaka 1976 katika mji wa East London. Mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 20, aliichezea nchi yake Testi ya kwanza, yaani mchezo wa siku 5 baina ya mataifa, huko Sheikhupura, Pakistan. Hata kufika mwaka 2012 alikuwa amecheza Testi 147 na kuwatoa wapigaji 555: 532 kwa kudaka, na 23 kwa kuangusha vipande. Anayemfuata, Adam Gilchrist wa Australia, aliwatoa 416.

Tarehe 9 Julai 2012, timu yake ilikuwa Taunton, Uingereza, ikijaribu nguvu zake na timu ya Somerset. Imran Tahir alitupa mpira wa kuzunguka, nao ukapiga vijiti. Boucher alikuwa karibu, bila kofia ya kujikinga. Kipande kimoja kiliruka kikamchoma jicho la kushoto. Alipasuliwa, na siku ya pili yake akatangaza kuuacha mchezo wa kimataifa. Zilikuwa zimesalia Testi 3 tu atimize 150.

Wenzake walicheza Testi hizo, A. B. de Villiers akashika mahali pake, wakashinda 2 kwa 0 na kuwa wa kwanza duniani.

Mlinda wiketi akidaka, mara nyingi husifiwa mtupaji. Akikosa, hulaumiwa yeye. Basi mtakapoutazama mchezo huu, msimsahau mtu yule aliyechutama nyuma ya vijiti.