Somo la gazeti lianzie nyumbani

Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua muundo wa tahariri kuliko anavyoijua njia ya kwenda bwenini. Jina la gazeti juu, tarehe, mada, mwili wenye msimamo, kisha jina la mhariri. Barua kwa mhariri anaijua, ripoti anaijua, mahojiano pia, kwa sababu swali la kwanza la karatasi ya Insha katika KCSE, lile la lazima, hutoka humo. Kwenye isimujamii amefundishwa hata sajili ya magazeti. Sasa mpe gazeti lenyewe, la leo, umuulize: mwandishi alizungumza na nani kabla ya kuandika habari hii? Nani angefaa kuulizwa na hakuulizwa? Mara nyingi atakuangalia tu.

Hana kosa. Tumemfundisha gazeti kama fomu ya kujaza. Na hata pale mwalimu anapoleta magazeti darasani, huchagua habari kubwa za dunia: uchaguzi wa Marekani, vita vya Ukraine, mkutano wa tabianchi. Mtoto wa Siakago au Laare atapimaje ukweli wa habari ya Washington? Hana cha kuilinganisha nayo. Ataamini yote au atakataa yote, na vyote viwili ni uvivu wa kusoma. Ndiyo maana nashikilia kwamba somo la vyombo vya habari, kwa shule za Embu na Meru, lianzie kwenye habari ambayo mwanafunzi anaijua kumshinda mwandishi aliyeiandika.

Habari hiyo ipo, na ni ya zao analolipiwa karo nalo.

Mwezi Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku uuzaji na utumiaji wa muguka, aina ya miraa, katika kaunti yake. Kilifi ikafuata, na Taita Taveta nayo. Embu ikawaka moto, kwa kuwa muguka ndio uti wa mgongo wa familia nyingi za Mbeere. Gavana Cecily Mbarire akaongoza viongozi wa kwao hadi kwa Rais William Ruto, naye akatangaza kwamba amri za kaunti zile hazina nguvu, akitaja Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha marufuku ile. Huko Pwani wazazi na viongozi wa dini wakaendelea kulalamika kwamba watoto wao wanaangamia.

Tukio lilikuwa moja, lakini aliyelisoma akiwa Kisauni, Mombasa, na aliyelisikiliza kwenye Wimwaro FM akiwa Kiritiri, Embu, walipata visa viwili. Cha kwanza kilikuwa habari ya afya: vijana, madaktari, wazazi, imani. Cha pili kilikuwa habari ya uchumi: wakulima, wachuuzi, madereva wa magari ya kubeba mzigo, karo. Kila upande ungeweza kuandika ukweli mtupu katika kila sentensi na bado msomaji akabaki na nusu ya jambo. Wataalamu wa habari huliita hilo uwekaji wa habari katika fremu, na mwanafunzi halihitaji jina hilo ili aone kinachofanyika. Anahitaji kalamu.

Zoezi ninalolipenda ni hili. Chukua ripoti moja ya muguka ya wakati huo, piga mstari chini ya kila mtu anayesema jambo, kisha andika pembeni cheo chake: gavana, daktari, mzazi, mkulima, mfanyabiashara, mtumiaji. Halafu tazama wamekaa wapi. Anayesema katika aya ya pili husomwa na wengi. Anayesema katika aya ya kumi na tatu husomwa na wachache, na mhariri akikosa nafasi ukurasani huyo ndiye wa kwanza kukatwa. Utakuta ripoti ambamo mkulima amepewa sentensi moja ya mwisho, na nyingine ambamo mzazi wa Mombasa hayupo kabisa. Mtumiaji wa muguka mwenyewe, yule ambaye habari nzima inamhusu, ndiye adimu kuliko wote.

Baada ya wasemaji, fuata tarakimu. Gazeti likisema zao hili huingiza kiasi fulani cha pesa kwa siku, nani aliyehesabu? Ni kaunti, ni chama cha wakulima, ni wizara, au ni mwanasiasa jukwaani? Mwanafunzi wa Mbeere ana kipimo ambacho mwandishi wa Nairobi hana. Anajua kilo moja inanunuliwaje shambani na inauzwaje mjini. Anajua wakati wa ukame majani yanapoadimika na bei inapopanda. Akikuta tarakimu isiyolingana na anachokiona kwao, tayari ana swali la kuuliza, na swali hilo halikutoka kwenye kitabu cha mwongozo.

Lakini hapa mwalimu awe macho, kwa maana kipimo hicho hicho kina kasoro. Anayelipiwa karo na muguka ana maslahi katika habari ya muguka. Atakuwa mwepesi kuona upungufu wa gazeti lililomlaumu mkulima, na mzito kuuona upungufu wa lile lililomsifu. Shirika la Afya Duniani liliiweka miraa, ambayo muguka ni aina yake, miongoni mwa vitu vinavyoweza kutumiwa vibaya tangu 1980, na hofu ya mama wa Likoni haitokani na chuki kwa watu wa Embu. Kwa hiyo zoezi haliishi mpaka mwanafunzi ameandika, kwa maneno yake, hoja nzito kuliko zote za upande anaoupinga. Nimeona wanafunzi wakinung'unika katika hatua hii kuliko nyingine zote. Kwangu, hiyo ndiyo hatua yenye elimu ndani yake. Zile za kabla yake ni maandalizi. Wenzao wa Igembe, Meru, wanaweza kufanya vivyo hivyo na habari za Juni 2014, Uingereza ilipoipiga marufuku miraa, au za Machi 2020, Somalia ilipozuia ndege za miraa hadi Julai 2022.

Mfano mwingine wa nyumbani unafundisha kitu kidogo zaidi, ila muhimu: kusoma hatua. Embu ilikuwa kaunti ya kwanza nchini ambayo gavana wake alibanduliwa, Martin Wambora, mwaka 2014. Madiwani walipiga kura, Seneti ikakubali, mahakama ikamrejesha, akabanduliwa tena, akarudi tena. Alichaguliwa upya 2017 akamaliza muhula wake 2022. Meru nayo, madiwani walimbandua Gavana Kawira Mwangaza Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Seneti ilimwokoa mara mbili za kwanza. Mara ya tatu ikaidhinisha, mahakama ikasimamisha, naye akakaa ofisini hadi Machi 2025, Mahakama Kuu ilipoitupa kesi yake na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa. Aliyesoma vichwa vya habari pekee alimzika gavana huyo kisiasa mara kadhaa kabla ya wakati. Kura ya madiwani haimwondoi gavana. Inampeleka Seneti, na mlango wa korti huwa bado uko wazi. Kila mwanafunzi anayesoma neno “abanduliwa” ajiulize: amebanduliwa na nani, na nani bado hajasema?

Sasa mtandaoni. Wazazi huniuliza mtoto wa bweni atasomaje habari za mtandao ilhali shule hairuhusu simu. Swali ni la haki, kwa kuwa mtaala wa umilisi unataja ujuzi wa kidijitali kuwa moja ya nguzo zake saba. Jibu langu ni kwamba karatasi na skrini zifundishwe pamoja, kila moja kwa msimu wake. Muhula unapoendelea, mwanafunzi anakaa na gazeti la maktaba, hata likiwa la juzi. Gazeti lililokwisha kuchapishwa halibadiliki: kosa lake hukaa pale, tarehe yake hukaa pale. Tovuti ni tofauti. Kichwa cha habari cha saa mbili asubuhi kinaweza kuwa kingine kufikia saa kumi jioni, bila mtu kuambiwa. Likizo ikifika, mwanafunzi aliyezoea karatasi anaweza kupiga picha ya skrini asubuhi na jioni, kuziweka sambamba, na kuona habari inavyokua, inavyosahihishwa, au inavyopunguzwa makali.

Karatasi inasaidia kwa njia nyingine pia. Kila msimu wa uchaguzi nchini Kenya husambazwa kwenye WhatsApp kurasa za mbele bandia zenye nembo za magazeti makubwa. Wachunguzi wa PesaCheck na Africa Check wamezianika nyingi. Kinachowafichua watengenezaji wake ni vitu ambavyo msomaji wa kawaida hupita bila kuviangalia: herufi zisizofanana na za gazeti halisi, tarehe isiyolingana na siku yake, sarufi mbovu, habari isiyopatikana ukurasa wowote wa ndani. Mtoto aliyeshika gazeti halisi mikononi mara nyingi huzigundua haraka kuliko baba yake. Na gazeti hilo hilo limfundishe kutenga habari na kilicholipiwa, kwa mfano kurasa za serikali za MyGov zilizokuwa zikiingizwa ndani ya magazeti ya kila siku, au sifa za kaunti zilizopangwa kwa safu na picha kana kwamba ripota alitumwa.

Narudi kwenye barua kwa mhariri, ambayo tumeifanya zoezi la alama ishirini. Barua hiyo ina anwani ya kweli na inaweza kutumwa. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutaka habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu isahihishwe au ifutwe, na Baraza la Vyombo vya Habari hupokea malalamishi. Shule inayotaka wanafunzi wake waelewe vyombo vya habari itume barua moja kila muhula, yenye jambo moja tu ambalo mhariri anaweza kulithibitisha kwa kupiga simu. Majina ya wanafunzi walio chini ya miaka kumi na minane yasitumike. Jina la chama cha uandishi cha shule linatosha.

Na jambo la kuandikia halitakosekana. Muguka hutafunwa majani yake laini, ndiyo maana huuzwa kwenye mifuko. Miraa ya Igembe huuzwa ikiwa vijiti vilivyofungwa vitita kwa majani ya mgomba. Siku gazeti litakapoweka picha ya vitita hivyo juu ya habari ya marufuku ya muguka, darasa zima la Kiritiri litakuwa na barua ya kuandika, na mhariri hatakuwa na njia ya kuikataa.