Trekta lawanyima funza wa pamba makao

UKIMTAJIA mkulima wa pamba habari za wadudu, jambo la kwanza atakalofikiria ni bomba la dawa. Lakini nchini Marekani, mojawapo ya silaha zilizosaidia kummaliza adui mkubwa wa zao hilo ilikuwa trekta, tena baada ya pamba kuvunwa.

Adui huyo ni funza wa rangi ya waridi. Mama yake ni nondo mdogo anayetaga mayai kwenye vitumba, yaani yale matunda yanayopasuka na kutoa pamba. Funza akianguliwa hutoboa kitumba, akaingia ndani na kula mbegu. Humo dawa haimpati. Nyuzi huharibika na bei ya mkulima hushuka.

Mdudu huyu aligunduliwa Marekani mwaka wa 1917 katika jimbo la Texas, na baadaye akaenea hadi Arizona na California.

Je, trekta lamdhuruje? Msimu ukiisha, funza hafi. Hulala ndani ya vitumba vilivyosalia au udongoni, akingojea pamba mpya. Kwa hivyo mavuno yakimalizika tu, trekta huvuta mashine yenye visu vinavyozunguka kwa kasi, ikakatakata miti na vitumba. Funza wengi hufa papo hapo. Kisha hufuata plau, ambayo hung'oa mizizi isichipuke tena na kufukia masalia kiasi cha sentimita 15. Nondo wachache wanaofaulu kutoka mapema hukuta shamba tupu. Hawana pa kutaga, nao hufa bila kuacha kizazi.

Hata hivyo, jirani mmoja mvivu aweza kuharibu kazi ya wote, kwani nondo hawajui mpaka wa shamba. Ndiyo maana katika bonde la San Joaquin, California, sheria iliweka siku ya mwisho ya kulima masalia, na mashamba yakae siku 90 bila pamba.

Trekta halikushinda peke yake. Zilitumika pia mbegu za Bt, ambazo mmea wake humuua funza, na nondo tasa waliomwagwa kwa ndege. Mnamo Oktoba 2018, serikali ilitangaza kuwa mdudu huyo ameangamizwa katika maeneo yote ya pamba nchini humo.

Funza huyu yuko Kenya pia. Serikali iliidhinisha pamba ya Bt Desemba 2019, lakini kule India amekwisha kuizoea, kwa hivyo mbegu pekee si kinga ya kutegemewa.

Mkulima wa Busia, Kitui au Lamu asiye na trekta aweza kung'oa miti kwa mkono na kuichoma mara baada ya kuvuna. Msomaji, ukienda mashambani likizo hii ukakuta pamba kuukuu ingali imesimama, wasaidie wazee kuing'oa. Huenda karo ya mwakani imo humo.