Maji Yaangukayo na Kiingereza Chetu

Mtu akitoka Nakuru kwa njia ya Subukia, akapanda mpaka Nyahururu, hana budi kusimama kidogo ayatazame maji ya mto Ewaso Narok jinsi yanavyojitupa bondeni kutoka juu ya mwamba, kimo cha mita 74 hivi. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, aliyafikia mwaka 1883 akayapa jina la baba yake, yakaitwa Thomson's Falls. Mji ulioota kando yake ulichukua jina hilohilo, na stesheni iliyokuwa mwisho wa reli itokayo Gilgil nayo ikaandikwa hivyo. Baada ya uhuru mji ukaitwa Nyahururu, lakini bado wapo wazee wasemao, “Naenda T. Falls,” na kila mtu akawaelewa.

Herufi moja ya jina hilo, ile “s” ya mwisho, imenisumbua tangu nilipokuwa kijana shuleni kwa mapadri, na naona inawasumbua wengi waletao barua mezani kwangu. Tuitazame basi.

Kwa Kiswahili twasema maporomoko ya maji, au maanguko ya maji. Hatusemi poromoko moja la maji, ila mtu apende kutuchekesha. Na maji yenyewe kwetu ni mengi siku zote: maji yameanguka, maji haya, maji yale. Mwingereza huyahesabu maji kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo karani afikiriye kwa Kiswahili huandika “the water are falling”, na bwana mkubwa hupiga mstari mwekundu. Yafaa kuandika “the water is falling”, na kwa ufupi “water falls”, maji huanguka. Hapo “s” si ya wingi hata kidogo. Ni alama ya kitendo cha yule mmoja, kama vile “he walks”. Lakini tukiyaunganisha maneno mawili yakawa “waterfall”, twapata jina la kitu, na kitu hicho huhesabika: “a waterfall”, “two waterfalls”. Nafasi ndogo katikati ya maneno hugeuza maana yote. Mkulima mmoja alipata kuandika “There is water fall in my shamba”, akitaka ruhusa ya kuvuta maji kwa bomba, na aliyeipokea barua akadhani ni malalamiko juu ya mvua iliyoharibu ngano. Barua ikapelekwa kwa watu wa kilimo, ikakaa huko.

Maana mvua nayo ina neno lake, “rainfall”, nalo ni la kipimo: mvua iliyonyesha mwaka mzima, kwa milimita. Mwenye chombo cha kupimia mvua huko Njoro au Molo aandike “The rainfall was good”, wala asiandike “waterfall”, asije akadhaniwa ana maporomoko nyuma ya nyumba.

Sasa “falls” ya majina. Hii ni ya wingi kwa umbo, hata kama maji yaanguka mara moja tu. Mtu akisimulia maji yenyewe huandika “The falls are high.” Akisimulia mji wa zamani huandika “Thomson's Falls was a railway town”, kwa umoja, kwa kuwa mji ni mmoja. Kule upande wa Thika, katika mto Athi, pana mahali paitwapo Fourteen Falls, na hapo angalau wingi una sababu yake, kwani maji hugawanyika na kushuka kwa vijito vingi pamoja. Nasi tunayo Makalia, upande wa kusini wa mbuga ya Ziwa Nakuru. Kiangazi kikikaza maji yake hupungua sana, lakini jina halipunguzwi herufi.

Jina laweza hata kubaki maji yakiwa hayapo. Huko Jinja, Uganda, Speke aliyaona mwaka 1862 maji ya Nile yakitoka ziwani kwa kuporomoka, akayaita Ripon Falls. Mbele kidogo palikuwa na Owen Falls. Bwawa la umeme lilipofunguliwa mwaka 1954, yote mawili yalikuwa yamezama. Hata hivyo watu waliendelea kwa miaka mingi kusema Owen Falls, nao wakimaanisha ukuta wa saruji, mpaka likaitwa Nalubaale. Kwa maporomoko hayo mwandishi atumie “were”, si “are”.

Wenyeji mara nyingi hutaja majina bora kuliko wageni. Yale maporomoko makuu ya mto Zambezi, ambayo Livingstone aliyaona mwaka 1855 akayapa jina la malkia wake, wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi ungurumao. Mswahili hahitaji mkalimani kulisikia neno moshi humo.

Lipo neno la tatu ambalo nililijifunza vibaya, na kosa langu halikuishia kwenye mstari mwekundu. Ni “cataract”. Shuleni tulifundishwa kwamba mto Nile una “cataracts” sita kati ya Aswan na Khartoum, yaani mahali mto upitapo kwa kasi juu ya mawe. Nikalishika hivyo, wala sikuuliza zaidi.

Miaka kumi hivi iliyopita, nilipokuwa karani mpya, alinijia mzee mmoja wa kwetu akiwa na kipande cha karatasi alichopewa na daktari. Macho yake yalikuwa yanafifia. Akaniambia, “Mwanangu, nisomee, wewe umesoma.” Neno lilikuwa hilo, na baada yake imeandikwa kwamba aende kwa daktari wa macho. Niliona haya kusema kwamba sijui. Nikamwambia, “Mzee, wasema maji yanaanguka jichoni. Ni machozi tu.” Akashukuru, akakunja karatasi yake, akaenda kununua dawa ya matone sokoni. Alitia matone hayo miezi minane. Katika miezi hiyo alianguka mara mbili katika mtaro wa shamba lake, na mara ya pili akavunjika mkono.

Muuguzi wa zahanati aliyemfunga mkono ndiye aliyemtazama machoni, akasema, “Baba, huyu ni mtoto wa jicho.” Ugonjwa huo ni ukungu katika lenzi ya jicho, hautibiwi kwa matone ya aina yoyote, bali kwa upasuaji mfupi: lenzi iliyofifia hutolewa, ikatiwa nyingine ya kutengenezwa. Mzee alipasuliwa jicho moja, kisha la pili.

Baadaye nilitafuta asili ya neno. Latokea kwa Wayunani, likiwa na maana ya kitu kishukacho kwa nguvu, na Warumi walilitumia kwa maporomoko ya maji na pia kwa lango zito la ngome literemshwalo kutoka juu. Matabibu wa Kiarabu wa zamani waliuita ugonjwa huo kuteremka kwa maji, kwa kuwa walidhani maji hushuka ndani ya jicho na kuziba njia ya nuru. Basi kosa langu lilikuwa la watu wakubwa wa kale, lakini wao walijua kwamba dawa yake ni sindano ya tabibu, nami nilimpeleka mzee sokoni.

Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kama ningalimwambia sijui, angalikwenda kwa mwalimu mkuu, nyumba ya tatu kutoka kwake. Halafu akaita chai iletwe. Tangu siku ile kamusi hukaa juu ya meza yangu, upande wa mkono wa kuume, na mtu aletaye karatasi ya hospitali humwomba aketi kwanza.