Kiinimacho na Raha ya Kufumbua



Jumamosi moja mjukuu wangu mwenye umri wa miaka tisa alinijia na sarafu kiganjani. Ilikuwa katika mkono wa kushoto. Akaichukua kwa mkono wa kulia, akaufumba, akaupuliza, akaufumbua. Mtupu! Nilipomwomba arudie alikataa, kwani aliyemfundisha alimwonya asirudie mchezo mbele ya mtazamaji yule yule. Kukataa huko ndiko kulikonipa fununu ya kwanza.

Nilikaa na jambo hilo hadi baada ya chakula cha usiku. Sikujiuliza, "Sarafu imekwenda wapi?" kwa kuwa hilo ndilo swali analolitaka mchezaji. Nilijiuliza, "Nani aliyeiona ikihama?" Hakuna. Niliona vidole vya kulia vikiifunika sarafu, kisha nikaona ngumi ikiondoka huku kijana akiikazia macho. Nami nikayafuata macho yake. Sarafu haikutoka mkono wa kushoto kamwe.

Nilipomweleza alinuna. "Babu, umeniharibia!" Lakini kesho yake alirudi na mbinu iliyo bora zaidi, nami nikapata kazi ya wiki nzima. Furaha yake ya kuficha na furaha yangu ya kufichua zilikuwa furaha moja.

Wapo wasemao kwamba kuijua siri ni kuiua ladha ya mazingaombwe. Mimi naona kinyume chake. Ajuaye jinsi sarafu inavyofichwa huanza kustaajabia vidole, mazoezi na ujasiri wa mchezaji.

Tena kuna faida iliyo kubwa kuliko burudani. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mwanamazingaombwe wake maarufu, Robert-Houdin, aliyekuwa fundi saa kabla ya kupanda jukwaani. Wafaransa walikuwa wakiitawala nchi ile kwa mabavu, na walihofia nguvu za viongozi wa dini walioaminiwa kuwa na karama. Robert-Houdin aliweka jukwaani kisanduku kidogo ambacho hata mtoto angeweza kukinyanyua. Kisha akamwita mtu mwenye misuli, akatangaza kwamba atamnyang'anya nguvu zake. Yule bwana alivuta, akatweta, kisanduku kisitikisike. Kwa maelezo ya Robert-Houdin mwenyewe, mwishowe mkondo wa umeme ulipitishwa katika kishikio, na yule mtu akatimua mbio.

Siri ilikuwa nini? Kitako cha kisanduku kilikuwa cha chuma, na chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme. Umeme ukikatwa, sanduku jepesi. Ukiwashwa, sanduku zito. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuitengeneza sumaku hiyo kwa msumari, waya na betri. Lakini asiyeijua hujiona yeye ndiye aliyedhoofika, ilhali nguvu zake anazo. Hapo ndipo kiinimacho kinapogeuka kuwa silaha.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwenzetu mmoja hapa ugenini alikabidhi akiba ya miaka mitatu kwa mtu aliyedai kuzidisha fedha. Alionyeshwa noti moja ikiingia katika bahasha na mbili zikitoka. Alijiuliza noti ya pili imetoka wapi; hakujiuliza kama bahasha aliyofunguliwa ndiyo ile aliyoiona ikifungwa. Si mjinga yule; ni mtu aliyetazama pale alipoelekezwa kutazama.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, mtoto akikuchezea mazingaombwe, mshangilie kwanza. Kisha kaeni pamoja mfumbue: kipi tulikiona kwa macho, na kipi tulikidhania? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Swali hilo moja halina gharama, nalo litamlinda siku ambayo babu hayupo.

Mjukuu wangu sasa ameanza na karata. Bado sijamfumbua, na silali!